Kiti cha Mnyapara

Wahenga walisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Maana yake ni kwamba kazi, hata ikiwa duni, hushinda mchezo, hata ukiwa mzuri. Neno hili ni la kweli, na kijana aliyeacha jembe shambani akaenda kucheza hana budi kulikumbuka wakati wa njaa. Walakini mithali moja haitoshi kumwongoza mtu maisha yake yote, kama vile taa moja haitoshi nyumba yenye vyumba vingi. Iko siku ambayo kazi humwacha mtu, ama kwa uzee, ama kwa ugonjwa, ama kwa kukosa mwajiri. Na siku hiyo mtu asiyejua neno lolote ila kazi yake huwa kama mtumbwi uliokatika kamba. Habari ya Mnyapara wa Muheza yaonyesha jambo hili, tena yaonyesha pande zake zote mbili.

Jina lake halisi lilijulikana kwa wachache, kwa maana watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mnyapara. Alikuwa amefanya kazi miaka 36 katika njia ya reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa mwaka wa 1893 na kufika Moshi mwaka wa 1911. Hakuwa dereva wa gari moshi, wala karani wa stesheni. Alikuwa kiongozi wa genge, yaani kikundi cha watu wanaoitunza njia. Kila siku, kabla jua halijawa kali, alitembea juu ya mataruma, macho yake chini, nyundo mkononi, akigonga hapa na pale ili asikie kwa mlio wake kama chuma kimelegea. Masika yalipokuja aliangalia maji yasile udongo wa tuta. Kiangazi kilipokuja aliangalia majani yasishike moto. Wasafiri waliopita madirishani hawakumjua, lakini walifika salama kwa sababu yake, naye aliridhika na hayo.

Alipotimiza miaka 60 alistaafu kwa heshima. Watu wa genge lake walichanga fedha, wakamnunulia kiti kikubwa cha mninga, chenye mikono miwili na mto wa kitambaa chekundu. Mmoja wao akasimama akasema, "Mzee wetu, miguu yako imetembea kwa ajili yetu sote. Sasa keti upumzike." Watu wakapiga makofi, naye Mnyapara akatokwa na machozi ya furaha. Kiti kikapakiwa juu ya mkokoteni mpaka nyumbani kwake, kikawekwa barazani, mbele ya mlango.

Mwezi wa kwanza kiti kile kilikuwa raha. Mwezi wa pili kilikuwa desturi. Mwezi wa tatu kilikuwa kifungo. Mnyapara alikuwa amezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri, na mwili wake haukupata habari ya kuwa amestaafu. Basi aliamka saa ile ile, akavaa, akatoka nje, akaketi, akingoja kitu asichokijua. Gari moshi lilipopiga honi kwa mbali alijiinua kidogo, kisha akaketi tena. Miguu iliyozoea mwendo ikaanza kuvimba kwa kuning'inia kitini kutwa. Magoti yakauma. Usingizi wa usiku ukampotea, kwa kuwa alikuwa akisinzia mchana.

Tena ulimi wake ukawa mkali. Chai ilikuwa baridi; chumvi ilizidi; watoto walipiga kelele; kuku walichafua baraza. Mkewe alikuwa mwanamke mpole, mwenye kuchechemea kidogo kwa sababu ya maumivu ya nyonga. Alivumilia siku nyingi, hata asubuhi moja akaweka chini kikombe alichorudishiwa, akasema kwa sauti ya taratibu, "Mzee wangu, zamani ulikuwa ukigonga reli ili usikie palipolegea. Siku hizi watugonga sisi."

Mnyapara hakujibu. Lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba, maana alijua ya kuwa ni kweli.

Alikuwako jirani yake mmoja, fundi wa cherehani, rafiki yake tangu ujana. Fundi huyu alikuwa na baraza karibu na soko, na pembeni mwa cherehani yake palikuwa na ubao wa bao. Alikuwa amemwalika Mnyapara mara tatu aje kucheza, na mara zote tatu Mnyapara alimjibu kwa ile mithali ya wahenga, ya kuwa kazi mbaya si mchezo mwema. Aliona ni aibu mtu aliyetunza njia ya reli miaka 36 kuonekana mchana kweupe akichezea mbegu. Hakutambua ya kuwa kuketi kitini akihesabu makosa ya wenziwe si kazi pia, wala si mchezo, bali ni kitu kibaya kuliko vyote viwili.

Jioni ya siku ile mkewe alipomwambia neno lile, mjukuu wao, mtoto wa darasa la tano aliyekaa nao, alirudi kutoka shuleni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mmefundishwa nini leo?"

Mtoto akamweleza habari ya Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Mzee huyu hakupata kusoma alipokuwa mtoto. Mwaka wa 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi. Na Januari mwaka wa 2004 Mzee Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alikwenda katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akaandikwa darasa la kwanza. Alivaa sare ya shule na soksi ndefu, akaketi pamoja na watoto wadogo, akajifunza kusoma na kuhesabu. Mwaka wa 2005 alisafiri kwa ndege mpaka New York akanena mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya watoto. Baada ya uchaguzi wa mwaka wa 2007 ghasia zilizuka nchini mwake, akapoteza mali yake, akakaa katika kambi ya waliokimbia makwao; hata hivyo aliendelea na masomo. Alifariki mwaka wa 2009.

"Miaka 84?" Mnyapara akauliza.

"Ndiyo, Babu. Mwalimu alisema miaka 84."

"Na watoto hawakumcheka?"

Mjukuu akafikiri kidogo, akasema, "Labda siku ya kwanza, Babu."

Usiku ule Mnyapara hakulala upesi. Aliwaza ya kuwa yule mzee alikuwa na miaka 24 zaidi yake, naye hakuona haya kushika kalamu mbele ya watoto; bali yeye mwenye miaka 60 ameona haya kushika kete mbele ya rafiki yake. Asubuhi yake akachukua fimbo, akakipa kiti kisogo, akaenda zake sokoni. Njia ile, kwa mtu mwenye magoti mazima, ni mwendo wa nusu saa. Siku ile yeye alikwenda muda wa saa nzima, akipumzika mara nne.

Fundi hakumwuliza neno. Alivuta kigoda kingine, akamwonyesha ubao. Ubao wa bao una mashimo 32 katika safu nne, mashimo manane kila safu. Safu mbili ni za mchezaji mmoja na mbili za mwenzake. Kete ni 64, nazo aghalabu ni mbegu za mkomwe, ngumu, zenye rangi ya kijivu. Kila mchezaji ana kete 32. Mchezo uanzapo kete kumi huwekwa ubaoni, sita kati ya hizo katika shimo liitwalo nyumba, na 22 hubaki akibani. Nazo huingizwa moja moja kwa zamu, na huko huitwa kunamua. Zikiisha za akiba ndipo mchezo hugeuka, watu wakacheza mtaji, yaani kwa kete zilizomo ubaoni peke yake. Aliyemalizwa kete zote za safu yake ya mbele ameshindwa, na kadhalika aliyekosa pa kucheza. Mchezaji hodari huzihesabu kete kwa macho, akajua mkono wake utaishia wapi kabla hajagusa shimo la kwanza.

Mnyapara alishindwa siku ile mara saba. Siku ya pili alishindwa mara sita, na mara moja katika hizo alishindwa na kijana muuza ndizi aliyekuwa akipita tu. Akanuna. Fundi akamwambia, "Mnyapara, tazama kete zangu ulizozila sasa hivi. Je, zimetupwa nje? Hazikutupwa. Zimehamia upande wako, zikaanza kazi nyingine. Katika bao hapana kete inayotupwa. Wewe nawe ulipotoka relini ulidhani umetupwa, kumbe umehamishwa upande." Mnyapara akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu siku alipoletewa kiti.

Baada ya majuma machache kila mtu nyumbani aliona tofauti. Ile njia ya sokoni aliimaliza kwa nusu saa bila kupumzika. Uvimbe wa miguu ukapungua. Usiku alilala, na chai ikawa haina kasoro tena, ingawa ilipikwa kwa sufuria ile ile na mkono ule ule. Wala si ajabu. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka wa 2020, lasema mtu mzima hufaa autie mwili wake mwendo kwa dakika 150 au zaidi kila juma, kwa kutembea haraka au kwa kazi iliyo kadiri hiyo. Na watoto kuanzia miaka 5 mpaka 17 hufaa wapate dakika 60 kila siku. Mwendo huo huimarisha moyo na mifupa, huleta usingizi, na kupunguza majonzi. Mnyapara hakupata kuyasoma mashauri hayo, lakini miguu yake iliyajua.

Kama habari ingekomea hapa, ingekuwa habari ya kufurahisha tu, na ile mithali ya wahenga ingeonekana kuwa ya uongo. Lakini wahenga hawakusema bure.

Mnyapara alianza kulipenda bao kupita kiasi. Zamani alikwenda saa nne na kurudi adhuhuri. Sasa alikwenda asubuhi akarudi jua likizama. Chakula chake kilifunikwa kikapoa. Kuni hazikupasuliwa. Hata akilala vidole vyake vilicheza juu ya shuka, vikihesabu mashimo. Kiti kilikuwa kimemfunga nyumbani, na sasa bao lilimfunga nje ya nyumba. Na mfungwa ni mfungwa, hata akibadilishiwa gereza.

Siku moja alasiri mjukuu alifika barazani kwa Fundi, akasimama kando kwa adabu. "Babu, Bibi anakuita. Ndoo ya maji haina kitu, na nyonga inamwuma leo."

"Naja," akasema Mnyapara, macho yake ubaoni. "Ngoja nimalize huu."

Mtoto akaenda akarudi. "Babu, Bibi amesema basi, atakwenda kisimani mwenyewe."

"Nimekwambia naja!"

Mchezo ule ulikuwa mtamu kuliko yote aliyopata kucheza, maana alikuwa karibu kumshinda Fundi kwa mara ya kwanza. Naye akamshinda. Watu wakashangilia. Akarudi nyumbani magharibi, kifua mbele, akafikiri atakavyosimulia. Akawakuta majirani wanawake uani. Mkewe alikuwa ameteleza penye utelezi wa kisima akiwa na ndoo kichwani, akaanguka upande ule ule wa nyonga mbovu, akalala pale mpaka alipoonekana na wapita njia. Sasa alikuwa amelazwa juu ya mkeka, uso umekunjamana kwa maumivu.

Alipomwona mumewe hakumlaumu. Alimtazama tu, akauliza, "Umeshinda?"

Mnyapara hakuweza kujibu. Tangu kuzaliwa kwake hakupata kusikia swali zito kama lile.

Mkewe hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku ile hakuweza kutembea mbali tena. Mnyapara akakibeba kiti cha mninga kutoka barazani, akakipeleka jikoni, akamketisha mkewe juu ya ule mto mwekundu, apate kuchambua maharagwe na kukoroga chungu bila kuchuchumaa. Hivyo kiti kile, kilichomdhuru mtu asiyekihitaji, kikamfaa mtu mwenye kukihitaji.

Kisha akaenda kwa Fundi akamwambia, "Mimi nimeacha bao. Sitagusa kete tena."

Fundi akasimamisha cherehani yake, akamtazama. "Mnyapara, kosa si la ubao. Ungalikuwa shambani ukalima mpaka usiku usisikie unapoitwa, lingalikuwa kosa lile lile, na jembe lisingalikuwa na hatia. Tazama mimi. Cherehani yangu iko hapa, na ubao uko pale. Mteja akija, mkono wangu huziacha kete, hata nikiwa nimebakiza hatua moja nishinde. Mchezo mwema ni ule uwezao kuuacha katikati. Ukiona huwezi kuuacha, jua wewe huchezi, wachezewa."

Maneno haya Mnyapara aliyachukua kama alivyokuwa akichukua amri za kazi: aliyarudia moyoni mpaka akayajua. Akaipanga siku yake upya, kama zamani alivyopanga zamu za genge. Alfajiri alikwenda kisimani kwa baiskeli na madumu mawili. Kisha alipasua kuni. Adhuhuri alikula pamoja na mkewe. Baada ya alasiri ndipo alipokwenda kwenye bao, na jua halikuzama akiwa huko. Akiitwa, alisimama saa ile ile, hata kama mchezo ulikuwa mtamu namna gani. Siku za kwanza kusimama kulimwuma kama kung'oa jino. Baadaye hakukumwuma tena.

Palikuwa na nafasi ya saa mbili asubuhi isiyo na kazi, nayo akaipatia jambo jingine. Muheza ni nchi ya machungwa, na Bwana Shamba alikuwa akiwafundisha watu kubebesha miche. Mnyapara akaenda pamoja na mjukuu wake siku ya Jumamosi wakajifunza. Mbegu ya mlimau hupandwa kwanza, kwa kuwa mizizi yake ni hodari. Mche ukifika unene wa kalamu ya risasi, gome lake hupasuliwa kwa kisu kikali mfano wa herufi T. Kisha katika tawi la mchungwa mtamu huchongwa jicho, yaani kichipukizi kidogo kilichojificha ubavuni, likaingizwa upesi chini ya gome lile kabla halijakauka, pakafungwa kwa utepe wa nailoni. Baada ya majuma matatu hivi utepe hufunguliwa. Jicho likiwa bichi, limeshika. Likiwa jeusi, limekufa. Likishika, kichwa cha mlimau hukatwa, na mti ukakua ukiwa na miguu ya mlimau na matunda ya mchungwa.

Katika miche kumi ya kwanza aliyobebesha Mnyapara, minane ilikufa. Hakukasirika. Alikuwa amekwisha kufundishwa kushindwa na muuza ndizi. Akachukua daftari kuukuu, akaandika kila mche kwa namba yake, siku ulipofungwa, siku ulipofunguliwa, na kilichoonekana, kama alivyokuwa akiandika habari za reli. Kwa kuisoma tena daftari hiyo akagundua kosa lake: alikuwa akichelewa mno, jicho likakauka hewani. Katika kumi ya pili ilikufa minne. Katika kumi ya tatu ulikufa mmoja tu. Mkewe akaomba mche mmoja upandwe karibu na mlango wa jikoni, ili siku za mbele apate kivuli bila kukihamisha kiti. Ukapandwa.

Miaka miwili ikapita kwa amani. Mwaka wa tatu, wakati wa masika, mkewe alishikwa na homa kali ya mapafu. Akapelekwa hospitali, akakaa huko siku tano, na siku ya tano akafariki.

Hapa yafaa msomaji aangalie vizuri. Wako watu wafundishao ya kuwa moyo wa matumaini ni kucheka daima, na ya kuwa mwenye shughuli nyingi hapatwi na huzuni. Si kweli. Mnyapara alilia mbele ya watu bila kuona haya. Matanga yalipoondolewa, jamaa wakatawanyika, nyumba ikawa kimya, naye akaingia jikoni akaketi katika kile kiti cha mninga, akakaa. Hakwenda kisimani. Hakwenda kwenye bao. Miche hakuitazama. Watu wakasema, "Mnyapara amerudi kitini, na safari hii hatoki."

Fundi akaja na ubao wake kwapani. Akauweka chini kati yao wawili, akazipanga kete, akampa mwenzake zile 22 za akiba mkononi. Mnyapara akazishika, asicheze. Fundi naye asimhimize. Wakaketi hivyo mpaka giza likaingia, kisha Fundi akazikusanya kete, akaenda zake. Kesho yake akaja tena, wakaketi vile vile. Siku ya tatu akaja tena. Kucheza hawakucheza hata mara moja. Lakini katika siku zile tatu Mnyapara hakuwa peke yake saa za jioni, ambazo kwa mfiwa ni saa mbaya kuliko zote.

Siku ya nne asubuhi mjukuu akasimama mlangoni. "Babu, kuna miche 12 imefika siku ya kufunguliwa. Nimeitazama daftari. Siku yenyewe ilikuwa jana."

"Ifungue wewe."

"Sijui kufungua bila kuliumiza jicho, Babu. Hukunifundisha bado."

Mnyapara akamtazama mtoto. Akakumbuka alasiri ile alipoitwa mara mbili, akasema, "Naja," asiende. Wakati ule alishindwa kuuacha mchezo katikati. Sasa ilikuwa huzuni iliyomshika mkono ikamwambia ngoja kwanza. Huzuni yake ilikuwa ya haki, wala haikuwa imekwisha. Lakini mtoto alikuwa amesimama mlangoni akiita. Mnyapara akasimama.

Wakafungua utepe wa mche wa kwanza. Jicho lilikuwa bichi. La pili lilikuwa jeusi. La tatu lilikuwa bichi. Mpaka jua lilipokuwa juu walikuwa wamepata tisa mazima na matatu yaliyokufa, na mjukuu akaandika yote katika daftari, mazima na yaliyokufa, kila moja mahali pake. Jioni Fundi alipokuja na ubao alimkuta Mnyapara barazani ameketi chini, juu ya mkeka. Mnyapara akainamia ubao akacheza kete ya kwanza.

Ule mche wa mlango wa jikoni umekuwa mti sasa, nao huzaa. Kiti cha mninga kiko chini yake. Watoto wa majirani hukikalia kwa zamu wanapokuja kujifunza kubebesha miche, na mto wake mwekundu umekwisha kuchakaa.

Basi kijana asomaye habari hii asidhani ya kuwa mambo haya ni ya wazee peke yao. Mzee hujifunza kwa taabu kile ambacho mtoto aweza kujifunza kwa wepesi. Heri kuchagua mapema jambo moja la kupenda nje ya kazi ya lazima, kama kufuma mikeka, au kufuga njiwa, au kupiga zeze, au kucheza mpira, au kupanda miti. Na achaguapo, ajiulize maneno matatu. Je, jambo hili laufanya mwili au akili yangu itembee? Je, lanikutanisha na watu, au lanificha nao? Na la tatu, lililo kubwa kuliko yote: nikiitwa, naweza kuliacha katikati? Akijibu vema maneno hayo matatu, na acheze kwa moyo wote, wala wahenga hawatamlaumu. Kwa maana mchezo wa namna hiyo humrudisha mtu kazini akiwa na nguvu, na siku ambayo kazi yenyewe haipo tena, humrudisha kwa wenziwe.